Khalifa huingiaje, na hutokaje?

Msimu wa Hija wa mwaka 23 Hijria, pale Mina, Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) aliletewa habari kwamba kuna mtu anasema: Umar akifa nitampa fulani baia, yaani kiapo cha utii, kwani hata baia ya Abubakar ilikuwa jambo la ghafla tu na likatimia. Khalifa alighadhibika, akataka kuwahutubia mahujaji jioni ile ile. Abdurrahman bin Auf akamsihi asubiri. Hija hukusanya watu wa kila namna, alimwambia, na neno lako litarushwa huku na huku kabla halijaeleweka. Ngoja ufike Madina uzungumze na wenye elimu. Umar akakubali. Aliporejea alipanda mimbari siku ya Ijumaa, akasimulia mbele ya watu wote yaliyotokea miaka kumi na miwili nyuma katika Saqifa ya Bani Saida, ukumbi ambamo Abubakar alipewa baia Mtume alipofariki.

Hakukanusha. Alisema ni kweli, baia ile ilikuwa ya ghafla, lakini Mwenyezi Mungu aliikinga shari yake, na hakuna tena kati yenu mtu wa kutazamwa na watu kama alivyotazamwa Abubakar. Kisha akaonya: atakayempa mtu baia bila kushauriana na Waislamu, asifuatwe yeye wala huyo aliyempa, wasije wakauawa wote wawili. Haukupita muda akachomwa jambia mihrabuni.

Hotuba hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na kila nikiisoma naona kwamba waliokuwapo walikuwa wakweli zaidi kuliko sisi tunaobishana kwa niaba yao. Umar alijua kwamba utaratibu uliomweka Abubakar haukuwa utaratibu wa kurudiwa. Leo, kwenye mihadhara na kwenye video zinazozunguka simu kwa simu, mjadala wa uongozi baada ya Mtume (S.A.W.) umebaki pale pale: nani alistahili? Abubakar au Ali? Swali hilo lina uzito wake na sina nia ya kulidharau. Ila naamini lililoivunja jamii ile ni jingine. Katika miaka isiyofika thelathini, kuanzia mwaka 11 hadi mwaka 40 Hijria, Waislamu walipata njia nne za kumweka kiongozi. Hawakupata hata moja ya kumtoa aliyekwisha kuingia. Damu nyingi iliyomwagika ilimwagika hapo.

Tuanze Saqifa. Mtume alifariki siku ya Jumatatu, mwezi wa Rabiul Awwal, mwaka 11 Hijria, Juni 632, katika chumba cha Bi Aisha. Sayyidna Ali, Abbas na watu wa nyumbani walishughulika na maiti. Upande mwingine wa mji Ansar, wenyeji wa Madina, walikusanyika chini ya ukumbi wa Bani Saida, na katikati yao Saad bin Ubada, mkuu wa kabila la Khazraj, mgonjwa, amefunikwa nguo.

Wasimuliaji wengi wanawapita Ansar haraka, kana kwamba walikuja kunyakua madaraka. Mimi nawaonea huruma. Hawa ndio waliompokea Mtume alipofukuzwa, wakagawana na wageni nyumba na mitende, wakazika vijana wao katika vita vya Uhud. Makka ilifunguliwa mwaka wa 8, miaka miwili na kidogo tu kabla ya siku ile, na wale wale waliowapiga vita sasa walikuwa Waislamu wenzao, wengi, matajiri, na ndugu wa damu wa Mtume. Ansar waliogopa kwamba aliyewalinda akishazikwa, wao watakuwa wageni katika mji wao wenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Miaka hamsini na miwili baadaye, mwaka 63 Hijria, jeshi la khalifa Yazid liliwaua wana wa Madina katika vita vya Harra.

Abubakar, Umar na Abu Ubaida bin al-Jarrah walipopata habari walikwenda. Umar mwenyewe anasimulia kwamba njiani alikuwa ametunga maneno moyoni, maneno aliyoyapenda, na alipotaka kuyasema Abubakar akamwambia atulie. Kisha Abubakar akasema yote yale na kuyazidi kwa ubora. Aliwasifu Ansar, hakuwanyima haki yao hata moja, ila akasema Waarabu hawatalikubali jambo hili isipokuwa kwa mtu wa Kureishi. Al-Hubab bin al-Mundhir akatoa shauri la kugawana: amiri mmoja kutoka kwetu na amiri mmoja kutoka kwenu. Sauti zikapanda. Umar akamwambia Abubakar nyoosha mkono wako, akampa baia, Muhajirina, yaani waliohama kutoka Makka, wakafuata, kisha Ansar.

Kwa nini Ansar walilegea upesi hivyo? Jibu halikuwa katika hoja peke yake. Bashir bin Saad, Mkhazraj, hakumuunga mkono Saad bin Ubada ingawa walikuwa kabila moja. Na Aus, kabila la pili la Ansar, walikumbuka Buath, vita vilivyopiganwa kati yao na Khazraj miaka michache tu kabla ya Hijra. Kwao, khalifa Mkureishi alikuwa nafuu kuliko khalifa Mkhazraj. Uislamu ulikuwa umezima moto wa Buath, lakini makaa yake bado yalikuwa na joto, na alasiri ile watu walilihisi.

Kesho yake msikitini ikatolewa baia ya wote, na Abubakar akasema maneno ambayo hakuna mtawala wa zama zake, Kisra wa Uajemi wala Kaisari wa Rumi, angeyasema: nimetawalishwa juu yenu nami si mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikifanya vibaya ninyoosheni, nitiini maadamu namtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, nikiwaasi hao basi hamna wajibu wa kunitii.

Hapo pana msingi wote wa utawala wenye kuhojiwa. Lakini yasome tena. Nani atamnyoosha? Kwa baraza lipi? Akiasi, nani atatamka kwamba ameasi, na siku ya pili yake nini kinatokea? Abubakar alitoa ahadi kutoka moyoni mwake, na moyo wake ulitosha kuidhamini kwa miaka miwili na miezi mitatu aliyotawala. Ahadi ile haikuwa na chombo.

Kuna walioachwa nje siku ile, na ukweli unataka wasemwe. Bani Hashim hawakuitwa. Riwaya ya Bi Aisha, iliyomo humo humo katika Bukhari, inasema Ali alimpa Abubakar baia baada ya miezi sita, Bi Fatma alipofariki, na alipokutana naye alimwambia wazi kwamba hawamwonei wivu kwa heri aliyopewa na Mungu, ila walijiona wana fungu katika jambo hili kwa ujamaa wao na Mtume, na walikatiwa shauri bila wao. Macho ya Abubakar yalijaa machozi. Ndugu zetu wa Kishia wanakwenda mbali zaidi: kwao jambo lilikuwa limekwisha amuliwa Ghadir Khum, tarehe 18 Dhulhija mwaka wa 10, Mtume alipoushika mkono wa Ali akasema yule ambaye mimi ni maula wake, Ali naye ni maula wake. Masunni wanaipokea hadithi hiyo pia, wanatofautiana nao katika makusudio yake, kama maula hapo ni kiongozi au mpenzi. Sitaumaliza mzozo huo hapa. Ninachotaka kionekane ni kwamba hata katika vitabu vinavyotegemewa na Masunni, malalamiko ya Ali yalikuwa ya utaratibu: hatukushauriwa. Ndilo neno lile lile alilolionya Umar juu ya mimbari.

Njia ya pili ilikuwa fupi. Mwaka wa 13 Abubakar, akiwa kitandani, alimwita Uthman aandike wasia: anamwachia Umar. Aliwauliza wakubwa kadhaa kwanza. Wapo waliolalamikia ukali wa Umar, akawajibu. Watu wakakubali, na historia imempa Abubakar haki katika chaguo lake.

Ya tatu ni ya Umar mwenyewe, akifa kwa jeraha la Abu Luluah, yule aliyemchoma jambia. Alitaja watu sita: Ali, Uthman, Abdurrahman bin Auf, Saad bin Abi Waqqas, Talha na Zubeir. Mwanawe Abdalla ahudhurie, lakini asichaguliwe. Suhaib aswalishe watu katika siku tatu za mashauriano, ili asiyekuwamo kwenye kinyang'anyiro ndiye ashike mihrabu. Huo ni ufundi wa siasa wa hali ya juu. Abdurrahman akajitoa ili awe msimamizi, akazunguka Madina akiuliza watu usiku na mchana, kisha akawaweka Ali na Uthman mbele ya sharti moja: kitabu cha Mwenyezi Mungu, sunna ya Mtume, na mwendo wa makhalifa wawili waliotangulia. Ali, kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, alijibu kwamba atafanya kadiri ya uwezo na elimu yake. Uthman alisema ndiyo. Baia ikaenda kwa Uthman.

Lakini kilichonivutia zaidi kwa Umar si Shura hiyo, yaani baraza la mashauriano la watu sita. Ni jinsi alivyowashika magavana wake. Alihesabu mali ya mtu kabla hajampeleka jimboni, na akirudi na ziada isiyoelezeka aliichukua nusu yake. Alimtumia Muhammad bin Maslama, Mu-Ansari, kama mkaguzi wa kwenda kusikiliza watu mlango kwa mlango. Watu wa mji wa Kufa, Iraki, walipomlalamikia gavana wao Saad bin Abi Waqqas, mshindi wa vita vya Qadisiya, wakafika hadi kusema hajui kuswalisha, Umar hakuwaona wajinga. Alituma watu kuuliza msikiti kwa msikiti, na ingawa wengi walimsifu Saad, alimwondoa. Hata alipokuwa anakufa alisema hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala khiyana. Alimwondoa kwa kuwa waliotawaliwa hawakuwa na utulivu naye, basi. Na kila Hija ilikuwa baraza: magavana waje, na mwenye dai asimame aseme mbele ya khalifa.

Utaona basi kwamba jamii ile ilijua kuwajibisha. Gavana aliweza kushitakiwa, kukaguliwa, kuondolewa, na akaendelea kuishi kwa heshima. Ngazi moja tu haikuwa na mtu wa juu yake. Umar aliijaza nafasi hiyo kwa hofu yake ya Mungu, na hofu ya Mungu hairithiwi pamoja na kiti.

Sasa tufike kwa Uthman, na hapa nitakaa.

Alitawala miaka kumi na miwili. Msahafu tunaousoma leo Lamu, Kigoma na Jakarta unafuata mwandiko aliouagizia na kuusambaza yeye. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya neema. Kisha malalamiko yakaanza, na yalikuwa ya namna tunayoifahamu: nafasi za majimbo zimekwenda kwa jamaa. Kufa alikuwako Walid bin Uqba, ndugu yake kwa mama. Misri Abdalla bin Saad bin Abi Sarh, ndugu yake wa kunyonya. Basra Abdalla bin Amir, mtoto wa mjomba wake. Sham Muawiya, aliyewekwa na Umar lakini akaongezewa eneo. Na pembeni yake mwenyewe Marwan bin al-Hakam, akishika uandishi. Uthman hakuwa kiziwi. Walid aliposhuhudiwa kunywa pombe, alipigwa viboko na kuondolewa. Mwaka wa 34 watu wa Kufa walipomzuia gavana Said bin al-As asiingie mjini wakamtaka Abu Musa al-Ashari, Uthman aliwapa.

Mwaka wa 35 walikuja kutoka Misri, Kufa na Basra, na safari hii hawakuja kwa ajili ya gavana. Ali alisimama kati, yakafikiwa makubaliano, watu wa Misri wakaondoka. Njiani, riwaya zinasema, wakamkamata mjumbe mwenye barua yenye muhuri wa khalifa, inamwamuru gavana wa Misri awaadhibu wakifika. Wakarudi mbio. Uthman akaapa kwamba hakuiandika, hakuiamuru, hakuijua. Tangu siku ile mpaka leo wapo wanaosema aliyeiandika ni Marwan, na wapo wanaosema ni waasi wenyewe waliighushi.

Jibu walilompa ndilo linalonishughulisha: ama umeiandika, basi hufai, ama hukuiandika, na muhuri wako unatumiwa bila wewe kujua, basi pia hufai. Jivue.

Uthman akakataa. Alisema hatavua kanzu aliyovishwa na Mwenyezi Mungu. Masunni wanapokea hadithi kwamba Mtume alimuusia hivyo hivyo, asiivue hata wakimtaka aivue, na kwa mwenye kuiamini hadithi hiyo Uthman alikuwa akitimiza agizo. Iangalie pia kwa jicho la utawala. Mzee wa miaka zaidi ya themanini, amezingirwa nyumbani kwake siku arubaini hivi, maji yanazuiwa yasimfikie. Mbele yake kuna kundi la watu waliotoka mikoani, hawakuchaguliwa na mtu kumhukumu. Akivua kanzu, keshokutwa kundi jingine litamvua atakayemfuata. Asipovua, hakuna mahali pengine popote ambapo dai lao linaweza kupelekwa, kwa kuwa mahakama ya mwisho ni yeye. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na baina yao hapakuwa na kadhi.

Vijana wa Kiswahaba walikuwapo mlangoni na panga, Hassan na Abdalla bin Zubeir miongoni mwao. Uthman aliwakataza wasimwage damu kwa ajili yake. Waasi waliingia kwa kuruka ukuta wa nyumba ya jirani, wakamuua na msahafu uko mbele yake. Mkewe Naila alijaribu kuuzuia upanga kwa mkono, vidole vikakatika. Uthman alizikwa usiku, na watu wachache.

Nimesoma maandishi mengi yanayomlaumu Uthman kwa udhaifu, na mengine yanayomtupia lawama zote mtu mmoja aitwaye Abdalla bin Sabaa, kana kwamba mji wa Maswahaba ungeweza kupinduliwa na mchochezi mmoja. Aina zote mbili zinakimbia jambo gumu. Uthman hakukosa uaminifu na Madina haikukosa watu wema. Walikosa utaratibu wa siku ambayo watu wema wanahitilafiana kuhusu kiongozi aliye hai.

Sayyidna Ali aliingia kwa njia ya nne: umma ulimjia, naye akasema baia yake isiwe ya siri, iwe msikitini. Ilikuwa ya wazi kuliko zote, na ikaja siku mbaya kuliko zote, damu ya Uthman haijakauka. Talha na Zubeir walimpa baia, kisha wakaondoka, na mwaka 36 wakakutana naye kwenye vita vya Jamal karibu na Basra wakiwa na Bi Aisha. Muawiya hakumpa kabisa; alitaka wauaji wa Uthman kwanza. Katika vita vya Siffin kati yao, mwaka 37, misahafu ikainuliwa kwenye ncha za mikuki, na jeshi la Ali likamlazimisha akubali mahakimu wawili: Abu Musa kwa upande wake, Amr bin al-As kwa upande wa Muawiya.

Tahkim hiyo, yaani kuwaachia mahakimu uamuzi, hutajwa kama kisa cha ujanja wa Amr, na masimulizi yake yametiwa chumvi nyingi. Kwangu ni tukio kubwa zaidi ya hapo. Ilikuwa mara ya kwanza Waislamu kuandika mkataba kwamba hoja ya nani atawale ikaamuliwe na watu, kwa Qurani, katika muda uliowekwa, badala ya panga. Ilishindwa kwa sababu iliundwa katikati ya vita, bila mpaka wa madaraka ya mahakimu, na bila nguvu ya kutekeleza walichoamua. Walioipinga, ndio Khawariji, walitoka katika jeshi la Ali wakisema hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Ali alisema neno hilo ni la haki, linalokusudiwa ndilo batili, kwa kuwa watu hawana budi wawe na amiri. Akawapiga Nahrawan mwaka 38. Ramadhani ya mwaka 40, Ibn Muljam akampiga upanga wenye sumu katika msikiti wa Kufa.

Makhalifa wanne, watatu wameuawa.

Wa tano, Sayyidna Hassan, ndiye wa kwanza kutoka kitini akiwa hai. Baada ya miezi sita hivi, mwaka 41, alimwachia Muawiya kwa mkataba, na Waislamu wakauita mwaka wa jamaa, yaani wa umoja. Katika masharti yanayosimuliwa limo hili: baada ya Muawiya jambo lirudi kwa shura. Baadhi ya watu wake walimtukana kwa suluhu ile. Mtume alikuwa amesema kwamba mwanawe huyu ni bwana, na huenda Mwenyezi Mungu akapatanisha kwake makundi mawili makubwa ya Waislamu. Nashangaa jinsi tunavyomtaja kidogo. Tuna mfano mmoja wa mtu aliyeshuka kwa hiari ili damu isimwagike, na mimbari zetu humpitia kwa sentensi mbili zikielekea Karbala.

Sharti halikutimizwa. Muawiya alimtangaza mwanawe Yazid, na Marwan aliposimama Madina kulinadi jambo hilo, Abdurrahman bin Abubakar, mtoto wa khalifa wa kwanza, akampinga mbele ya watu: huu ni utaratibu wa Kiherakli, wa wafalme wa Rumi, mfalme akifa humwachia mwanawe. Hussein aliikataa baia ya Yazid akauawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61. Tangu hapo swali la kuingia likapata jibu jepesi, jibu la damu ya ukoo, na swali la kutoka likaachiwa sumu, jambia na jeshi.

Wanazuoni wa Kisunni hawakulala. Al-Mawardi, aliyefariki 1058 Baghdad, aliorodhesha yanayomwondolea imamu sifa yake: kuharibika uadilifu, kutekwa, kupoteza viungo, kupofuka. Hakusema nani atamwita khalifa amhoji. Kabla yake wenye panga walikuwa wamekwisha kuitumia kanuni ya namna hiyo kwa njia yao. Katika karne ya kumi, kwa muda wa miaka kumi na miwili tu, makhalifa watatu wa Kiabbasi, al-Qahir, al-Muttaqi na al-Mustakfi, waling'olewa kwa kutobolewa macho. Kipofu hafai ukhalifa, basi mpofue. Sheria ilitoa sababu bila kutoa mahakama, na wakuu wa jeshi wakajaza pengo kwa chuma cha moto. Sishangai kwamba wanachuoni waliofuata waliona heri kumvumilia dhalimu kuliko kufungua fitna. Walikuwa wameona fitna inavyofanana.

Kwa Mashia, Imamu ni maasumu, hakosei, ameteuliwa kwa nasi, yaani tamko la wazi la uteuzi, basi suala la kumwondoa halizuki. Lakini ugomvi ulihamia penginepo: nasi imempata nani? Baada ya Imam Jaafar Sadiq kufariki mwaka 148, wengine walishika ukoo wa Ismail na wengine wakamfuata Musa al-Kadhim. Mwaka 1094, akifa khalifa wa Kifatimi al-Mustansir, Maismaili wenyewe wakagawanyika kwa Nizar na Mustaali. Mtu akizunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar au katikati ya Dar es Salaam, atakuta Ithnaashari, Maismaili wa Aga Khan na Mabohora wakiwa na nyumba zao za ibada, na kila moja ya nyumba hizo imesimama juu ya jibu tofauti la urithi wa siku hizo. Hata Mabohora walipohitilafiana juu ya nani alipewa nasi na Dai wao, yaani kiongozi wao, aliyefariki 2014, kesi ilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay, ikaamuliwa 2024.

Waliolikabili swali la kutoka uso kwa uso ni Maibadhi, na kwetu pwani hawa si watu wa mbali. Misikiti yao ipo Unguja tangu enzi za Waomani. Wao wanakataa kuitwa Khawariji, na wana haki, kwani walijitenga mapema na wale waliohalalisha damu za Waislamu wenzao. Msimamo wao: imamu achaguliwe kwa ucha Mungu na elimu, awe Mkureishi au asiwe, na akipotoka ahojiwe, atakiwe atubu, akikataa aondolewe. Oman walimchagua imamu wao wa kwanza, al-Julanda bin Masud, mwaka 132 Hijria. Mabusaidi walioitawala Unguja walikuwa Waibadhi pia, ingawa kwa siasa walikwisha kuwa masultani wa kurithiana, na Seyyid Said alipofariki 1856 wanawe Thuweni na Majid waligombana hadi Waingereza wakawagawia, Oman kwa mmoja na Unguja kwa mwingine, mwaka 1861. Nadharia ilibaki vitabuni.

Lakini kabla ya hapo ilijaribiwa kwa vitendo. Imamu as-Salt bin Malik alitawala Oman miaka thelathini na tano, akazeeka sana. Mwaka 272 Hijria, yaani 886, Musa bin Musa na wenzake waliondoka na watu kuelekea Nizwa wakimtaka aache. As-Salt alitoka katika nyumba ya uimamu bila vita, na Rashid bin an-Nadhr akawekwa mahali pake. Haikuchukua muda makabila yakapigana, na mwaka 280 jeshi la Kiabbasi likaingia Oman kutumia mwanya huo. Mtu anaweza kusema: basi, kumwondoa kiongozi kumeleta yale yale. Mimi naona walichofanya wanazuoni wao baadaye ni kazi ambayo wengine hatukuifanya kuhusu Uthman. Walichambua tukio kipengele kwa kipengele kwa vizazi vingi. Je, imamu alijiuzulu au alitolewa? Kuondoka kwake nyumbani ni kuvua uimamu, au ni kuogopa damu? Alisomewa kosa? Alitakiwa atubu kabla? Uzee peke yake ni sababu? Wale waliomwendea, nani aliwapa mamlaka ya kuamua kwa niaba ya wengine?

Chama cha Rustaq, pamoja na Ibn Baraka, kilishika kwamba as-Salt hakuthibitishiwa kosa, basi waliomtoa ni waasi na ni lazima mtu ajitenge nao. Chama cha Nizwa, na Abu Said al-Kudami kama msemaji wake mkubwa, kilisema kwamba ambaye hakushuhudia hana haki ya kuhukumu. Asimame pale elimu yake inapoishia, asiwatenge ndugu zake kwa tukio ambalo hoja za pande zote mbili hazikumfikia zikiwa kamili. Walibishana hivyo kwa zaidi ya karne moja na nusu, kwa vitabu, hadi imamu mmoja wa karne ya kumi na moja, Rashid bin Said, alipotaka watu waache kutoana katika dini kwa ajili ya as-Salt na Musa.

Watoto wetu wa madrasa wanaweza kutaja majina ya makhalifa wanne kwa mpangilio na miaka yao. Ningependa mwalimu mmoja awaulize maswali hayo ya Oman, akianza na ile nyumba ya Madina iliyozingirwa siku arubaini.